Tupeane uzoefu: kuna muvi namba mbili ilishawahi kukuacha mdomo wazi kama ile ya kwanza?

BabaWanja_Donholm

Wasee habari za jioni. Kuna kitu imenikaa rohoni tangu Julai 2025 na leo nimeamua kuileta hapa tupeane uzoefu, sio tubishane nani anajua muvi kuliko mwenzake, kila mtu aseme tu yaliyompata.

Mimi ni mtoto wa Jericho. 1994 nikiwa darasa la tatu, baba alitoka kazini Indastria Jumamosi mchana akaniambia vaa viatu twende tauni, hakusema tunaenda kufanya nini. Tukashuka Ambassadeur, tukatembea mpaka Mama Ngina, akanunua tiketi mbili na njugu za kufungwa kwa gazeti, tukaingia gizani. Ilikuwa Jurassic Park. Na mimi hata trela sikuwa nimeona, nyumbani hatukuwa na tivi. Sasa ile saa yule daktari wa mifupa anamshika mwenzake kichwa anamgeuza aone, na yule mnyama wa shingo ndefu anasimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya juu, nilisikia baba amesema "Yesu wangu" polepole sana, na baba hakuwa mtu wa kutaja hilo jina nje ya kanisa. Nikaacha skrini nikamuangalia yeye. Alikuwa ameshika njugu mkononi na hazikuwa zinaenda mdomoni. Mimi nilikuwa najua baba anajua kila kitu, bei ya kila kitu, njia ya kila mahali, na hiyo siku nikaona mtu mzima ameshangaa kama mimi.

Baba alituacha 2011. Zilizofuata nimeziona zote, ya 1997 na ya 2001 kwa kaseti na dividii za kuazima, ya 2015, 2018 na 2022 kwa mall. Halafu Julai 2025 ikatoka ya saba, Rebirth, na msichana wangu ana miaka tisa, umri ule ule niliokuwa nao. Nikasema hii ndio siku. Tiketi, popkoni, soda, viti vya katikati. Nikakaa pale nasubiri. Wanyama walikuwa wengi na wakubwa na ngozi zao ziko safi mpaka tone la maji unaliona likiteremka, lakini hapa kifuani kimya kabisa. Wanja naye alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Nilitoka pale nimenyamaza mpaka nyumbani. Hebu niambieni, ni muvi ndio zimepoteza kitu ama ni mimi nimeisha? Wewe iliyokufanya hivyo ilikuwa gani, na ile ya pili ulipoiona ikawaje?

fundi_wa_flashi

Pole na mzee, baba Wanja. Mimi niko na duka la muvi Githurai, nilianza na zile dividii za nane-kwa-moja na saa hii ni kuwekea watu kwa flashi, kwa hivyo nimeona watu wakitafuta namba mbili miaka yote hii. Mtu hata hajamaliza ya kwanza ashauliza "iko ya pili?" Halafu anarudi wiki ijayo, hasemi imekuwa mbaya, anasema tu "ilikuwa sawa." Hiyo "ilikuwa sawa" nimeisikia sana.

Na jibu langu ni kwamba hujaisha, bosi. Chukua hiyo yako ya 1993 uiangalie na saa mkononi. Muvi ni dakika 127 na wanyama wenyewe wanaonekana kama dakika 15 hivi kwa zote, na ile kazi ya kompyuta ni kama dakika 6 tu, zingine ni mashine za kushikika zilizojengwa na timu ya Stan Winston. Yule mkubwa wa kwa mvua, T-rex, walimjenga kwa ukubwa wake kamili, ngozi ilikuwa inakunywa maji mpaka dude zima linatetemeka lenyewe, wanamkausha na taulo kati ya shoti. Anatokea saa nzima imepita! Saa nzima unaambiwa anakuja, unaona mbuzi amefungwa, unaona mbuzi hayuko. Spielberg, mwenye kuitengeneza, alishajifunza hiyo tangu muvi yake ya samaki papa ya 1975, Jaws, ile mashine ya papa iliharibika kwa maji ya chumvi wakashindwa kuionyesha, ikabidi watu waogope maji yenyewe.

Sasa namba mbili haiwezi kukuficha kitu ushakiona. Kwa hivyo wanaongeza idadi, wanaongeza meno. Ile ya 2015 hata inasema yenyewe ndani ya hadithi, kwamba wageni wamezoea madinosaria na lazima watengeneze mkubwa zaidi ndio watu waje. Wenyewe wamekiri! Na bado watu tulienda, hiyo ilipita dola bilioni 1.6 na ile ya kwanza ilipotoka ilikuwa imepita milioni 900 kidogo. Mimi nikiangalia hizo pesa sioni watu waliopenda muvi, naona watu wengi sana wanaomtafuta yule mnyama wa shingo ndefu wa baba yako.

Kawangware46

Fundi umeongea vizuri lakini kuna kitu nakataa, hiyo ya kusema namba mbili haiwezi. Wacha niwaambie yangu.

Sisi tulikuwa tunaenda video, kibanda cha mabati, benchi za mbao, blanketi kwa dirisha kuzuia mwanga, shilingi tano unaingia unaangalia muvi mbili. Hakuna mtu alikuwa anajua muvi ni ya mwaka gani ama ni namba ngapi, mwenye video akipata kaseti ndio hiyo. Kitu kama 1995 akaleta Terminator 2. Wasee. Yule jamaa wa maji! Kuna pahali anafika kwa mlango wa vyuma hospitalini, mwili wake unapita katikati ya vyuma kama uji, halafu bunduki inakwama ju bunduki si maji, anaigeuza anaivuta. Kibanda kizima kilisimama. Mwenye video alirudisha nyuma mara tatu kwa sababu watu walikuwa wanapiga mabati. Na mwisho staringi, Arnold mwenyewe, anateremshwa kwenye chuma moto, na sisi tulikuwa tumekulia sheria moja tu duniani, staringi hafi. Niliona wanaume wa mkokoteni wameinamisha vichwa.

Baada ya mwaka hivi ikaja ile ya kwanza, ya 1984. Tukaingia tukijua tunaenda kumuona rafiki yetu. Anatokea pale, uso ni ule ule, halafu anaanza kuua wamama kwa nyumba zao akifuata jina kwa kitabu cha simu. Tukakataa. Kuna mtu alisimama akasema huyu ni mwingine anafanana naye, mwenye video ametuletea feki, turudishiwe pesa. Mimi sikulala vizuri hiyo siku, na sio ju ya damu, ni ju nilikuwa nimemuamini.

Nimekuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba walioanza na ya kwanza yao ilikuwa kinyume, wao waliingia ya pili wakimuogopa, na mwanzo wote hawajui kati ya hawa wawili nani amekuja kuua na nani amekuja kuokoa. Cameron alitengeneza ya kwanza na dola kama milioni 6, ya pili ikakula karibu milioni 100, lakini pesa si ndio ilifanya. Hata angekosa yule wa maji bado ingefanya kazi, kwa sababu alichukua kitu tulichokuwa tunakiogopa akakiweka mbele ya mtoto kama ngao. Zilizotoka baadaye, 2003, 2009, 2015, 2019, zote zina pesa na hakuna iliyogeuza kitu, ni mbio tu.

Kwa hivyo mimi nasema hivi, kwa watu wa mitaa yetu "ya kwanza" ni ile uliyoona kwanza. Wanja wako ya kwanza yake ni hiyo ya 2025, baba Wanja, na hizo kucha ni ushahidi.

Mlango_Kubwa

Kawangware umenikumbusha, mimi Rambo nilianza na ya 1985 ile ya mishale ya kulipuka. Nikaja kuona ya 1982 nikiwa fomu ya pili nikingoja milipuko, na kwa hiyo muvi nzima ni mtu mmoja anakufa, mmoja tu, na mwisho jamaa anakaa chini analia kama mtoto kwa mkubwa wake. Hiyo ndio iliniacha mdomo wazi, kwamba yule mtu wa mishale alikuwa hivi kabla.

wa_Dandora_Fezi4

Kwangu mimi ya asili ni ile DJ Afro, yule jamaa wa kusimulia muvi kwa Kiswahili, ameongea juu yake. Nikiona hiyo hiyo kwa lugha yake bila ile sauti naona kama kuna mtu hajafika.

nyarKisumu_Rongai

Mimi yangu ni Black Panther. Februari 2018, na Kisumu walikuwa wameionyesha kabla yetu ju ni nyumbani kwa kina Lupita, tukaona picha zake tukawa na wivu mwema. Tulienda watu kumi na mmoja wa kazini, tumevaa kitenge kutoka kichwa mpaka viatu, na ndani ya ukumbi kila mtu amevaa hivyo hata watu hatujuani tunasalimiana kama tuko kwa harusi. Ile saa ndege inapenya ule msitu wa uongo na mji unatokea chini, mama mmoja nyuma yetu alipiga vigelegele. Kwa sinema! Hakuna mtu alimwambia anyamaze.

Halafu Agosti 2020 Chadwick Boseman, aliyekuwa Black Panther mwenyewe, akafariki. Ya pili ilipotoka 2022 nilivaa nguo nyeusi bila kupanga, nilishtukia tu niko kwa matatu nimevaa hivyo. Mwanzoni ile nembo ya kampuni inapita kimya, bila muziki, ni picha zake tu. Ukumbi wa Nairobi mnaujua, huwa unaongea na skrini, na hiyo siku ulisikia tu feni. Watu walioniuliza kama ilifikia ya kwanza sikuwa najua niwajibu nini. Ya kwanza ilikuwa harusi na ya pili ilikuwa matanga, na mtu haendi matanga kuuliza pilau iko wapi. Kuna sehemu ilinichosha, ile vita ya mwisho kwa meli ni ndefu sana na nilikuwa nataka tu warudi kwa yale majonzi ya familia, lakini nikipimia kwa vile nilitoka pale nikampigia mamangu simu, nasema ilifika.

MamaPacha_Umoja

Watoto wangu mmeongea mpaka nimetoa miwani. Mimi si mtu wa muvi sana lakini nina moja.

1998 hivi mpaka 2001 nilikuwa nafanya kazi ya nyumba Lavington, watoto watatu. Walikuwa na kaseti ya Lion King ile ya 1994 na waliiangalia mpaka utepe ukaanza kuchora mistari. Mimi nilikuwa napiga pasi nikisikiliza. Mnajua kilichonishangaza si wanyama, wanyama hata walichorwa tu. Ni kusikia watu wa ng'ambo huko Marekani wamemuita simba Simba. Nyani ni Rafiki. Nguruwe ni Pumbaa, na kweli amepumbaa. Ilikuwa mara ya kwanza tivi ya hiyo nyumba inaongea maneno ambayo ni mimi nayajua zaidi. Wale watoto walikuwa wa shule za Kizungu, Kiswahili chao kilikuwa cha kuagiza chai, wakawa wananikimbilia jikoni, auntie hii ni nini, auntie hii ni nini.

Halafu ikaja ya pili, hiyo haikupelekwa sinema, ilitolewa tu kwa kaseti. Watu wazima wa hiyo nyumba walisema ni ya kuchuma pesa tu, picha zake hazijafika zile za kwanza, na ni kweli hazijafika. Lakini sikilizeni. Kuna kijana wa simba ameletwa kwa kina Simba, hujui kama ni mzuri ama ni msaliti, na jina lake ni Kovu. Mama yake anaitwa Zira, dada yake Vitani, kaka yake Nuka. Mimi niliposikia hayo majina nikaweka pasi chini! Yule adui wa muvi ya kwanza jina lake la Kizungu, Scar, maana yake ni nini kama si kovu? Wamempa huyu kijana jina lile lile la adui, wamelificha tu kwa lugha yetu. Wazungu wote duniani wanaangalia hawajui, na mimi niko Lavington na pasi najua. Nikawaambia watoto, huyu mama amejaa chuki, ndio maana ya jina lake, huyu msichana amezaliwa kwa vita, na huyu kijana ngojeni, lazima atapata kovu usoni. Wakanibishia. Na kweli kabla haijaisha mama yake anamkwaruza usoni jicho lile lile. Wale watoto waliniangalia kama nabii.

Kwa hivyo mimi ya pili ilinipa kuliko ya kwanza, na najua haikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Yote mawili ni ya kweli. Huyo mkubwa kati yao sasa ni mama wa watoto wawili na bado akinipigia simu ananiita auntie Kovu.

fundi_wa_flashi

Mama Pacha nimeuza hiyo muvi miaka na miaka na sijawahi kufikiria hayo majina hata siku moja. Naenda kuiangalia leo usiku nikifunga duka.

zee2003_Kahawa

Mimi ni wa juzi, nimezaliwa 2003, mniruhusu. Nyinyi mnaongea kama mshangao uko mwanzo tu. Desemba 2021 tulienda kuona Spider-Man ile ya No Way Home, korona ilikuwa imetufungia nyumbani miaka miwili, na pale Andrew Garfield anatoa kofia ya uso halafu baadaye kidogo Tobey Maguire anaingia, watu waliruka kwa viti, kijana nisiyemjua alinikumbatia. Hizo za Tobey nilikuwa nimeziona kwa simu ya kakangu, skrini imepasuka, nikiwa darasa la nne. Za Garfield niliziona kwa flashi kama hizo za fundi. Kwa hivyo hiyo kelele yote ililipiwa na muvi za 2002 na 2004 na 2012, hakuna namba moja inaweza kukupa hiyo, haina miaka. Nikiirudia nyumbani peke yangu ni muvi ya kawaida. Lakini hiyo siku sitaisahau.

makanga_mstaafu

Na yetu je? Nairobi Half Life, 2012. Mimi nilifanya kazi hizo njia za chini, River Road, Kirinyaga Road, na kuona zile spea za magari na ule uoga wa kijana wa kushuka tauni siku ya kwanza na begi, kwa skrini kubwa, watu wakiongea kama sisi, nilitoka nje nikaona Moi Avenue kama imewekwa taa mpya. Watu huuliza mbona hakuna ya pili. Mimi sitaki ya pili ya huyo kijana. Nataka ya kwanza zingine, za Mwea, za Lodwar, za wale wasichana wa kuchuma maua Naivasha.

BabaWanja_Donholm

Asanteni sana, nimesoma zote, ya Mama Pacha nimeisoma kwa sauti hapa nyumbani.

Kawangware uliponiambia hiyo ya kucha, Jumamosi nikaamua nimuonyeshe Wanja ile ya 1993, kwa laptopu, taa tumezima. Nilikuwa nangoja yule wa shingo ndefu. Alipofika akasema, "Huyu nimeshamuona, baba." Basi. Nikameza mate. Tukaendelea.

Tukafika kwa gari, usiku, mvua. Ile glasi ya maji. Hatua ya kwanza kwa mbali, maji yanafanya mduara mdogo katikati. Ya pili, mduara. Wanja akasema rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. Alikuwa hata hataki kujua mnyama anafika lini, alikuwa anataka maji. Muvi ilipoisha akaenda jikoni akajaza glasi akaiweka mezani akaanza kukanyaga sakafu, jirani wa chini atanisamehe. Maji yalikuwa yanatikisika ovyo tu, hayafanyi mduara. Akapiga meza, bado.

Nikamwambia hata wenye muvi iliwasumbua hivyo hivyo. Spielberg aliipata hiyo wazo akiwa kwa gari, muziki uko juu na besi inatikisa kioo, halafu fundi wake Michael Lantieri akahangaika na glasi mpaka alipoiweka juu ya gitaa na kuchezacheza nyuzi. Ndio wakapitisha uzi wa gitaa chini ya lile gari, mtu amelala chini anaudonoa. Wanja akaniuliza, "Kwani ni gitaa tu?" Nikasema ni gitaa tu.

Jana jioni tukaenda kwa jirani anayepiga gitaa kwaya, akatuazima. Tukaliweka chali kwa meza, glasi juu ya mbao, Wanja akavuta uzi ule mnene kabisa. Wasee, ilitokea. Mduara mmoja, halafu mwingine ndani yake, imenyooka kama imechorwa na kompasi. Nilijua kabisa itafanya nini, nimetoka kumueleza mwenyewe, na bado nilitoa sauti. Nilipoinua macho nikakuta Wanja haangalii maji, ananiangalia mimi.

Gitaa narudisha Jumapili kabla ya ibada ya kwanza. Wengine endeleeni, nasoma.